Fyuzi Tatu Mfukoni

Dizeli ikichanganyika na vumbi la pumba hutoa harufu nzito, na kila ninapoipata najikuta nina miaka kumi na minne, nimesimama kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya Mama Edita hapa Ifakara, pumba zimenifika kwenye vifundo vya miguu. Mama yetu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, baba miaka mingi kabla yake. Niliacha shule darasa la sita nikabaki na wadogo zangu wawili, Festo na Oliva, na chenga za mchele nilizopewa mashineni kila jioni ndizo zilizokuwa chakula chao. Nilianza kwa kufagia. Msimu ule wa mavuno, Fundi Kaspari aliyetunza mashine akanifundisha jenereta, maana umeme ulikatika mara kwa mara na mgongo wake ulikwishachoka kuzungusha hendeli.

"Jenereta haiumbi kitu," aliniambia siku ya kwanza, akifungua kifuniko nione nyaya za shaba zilizopangwa kwa ustadi kama ukili wa mkeka. "Inageuza jasho tu. Dizeli inazungusha sumaku katikati ya nyaya hizi, nyaya zinatoa umeme. Kule Kidatu, kwenye bwawa la umeme, anayetoka jasho ni mto." Nikamuuliza kwa nini basi tusiunganishe yetu na laini ya umeme, kwani kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Alicheka. "Umewahi kutwanga na mama yako kinu kimoja?" Nilikuwa nimetwanga naye sana. Kabla ya kuingia nilisimama kwanza nikasikiliza mdundo wake, maana anayeingiza mchi kwa pupa huvunja mkono wa mwenzake. "Basi mitambo mikubwa yote ya nchi inatwanga kinu kimoja, kwa mdundo mmoja. Mgeni huingia akishaukamata. Haka kajenereta ketu hakajui hata kusikiliza. Na laini ikiwa haina umeme, ujue huenda kuna mtu juu yake." Swichi ya kuhamisha umeme ilikwishaharibika, kwa hiyo sheria yake ilikuwa moja: kabla ya kuwasha, chomoa fyuzi tatu za laini, nyeupe kama vikombe vya kahawa, uzitie mfukoni. Si mezani. Mfukoni. Hapo umeme wetu hauna njia ya kutoka nje.

Asubuhi moja Fundi alikwenda msibani Mang'ula. Upepo wa usiku ulikuwa umekata waya, foleni ya wanawake ilifika barabarani, na wingu jeusi lilikuwa likishuka kutoka milimani kuelekea magunia ya mpunga uliokwisha kukauka.

"Dafroza, mwanangu, washa! Mpunga wangu utaota hapahapa!" mmoja wao alipaza sauti.

"Muacheni, anamsubiri bwana harusi!"

Wakacheka, nami kwa aibu nikazungusha hendeli. Jenereta ikawaka, kisha ikaguna na kuzama, kama ng'ombe anayevuta plau kwenye tope, na wala sikuwa nimetia hata debe moja la mpunga. Nilidhani dizeli imeingia maji. Ng'ambo ya barabara taa ya dukani ikawaka, nyekundu, hafifu. Watoto wakashangilia: "Umeme umerudi!"

Haukuwa umerudi. Ulikuwa wangu, unatoka. Mfuko wa gauni langu ulikuwa mtupu. Nikainua macho: kwenye nguzo ya tatu kutoka dukani, fundi wa laini amejifunga mkanda, mkono ameunyoosha kuelekea waya. Nilivuta kizimio kwa mikono miwili. Taa ikafa, watoto wakazomea, na yule mtu akabaki na mkono wake hewani, akiitazama taa.

Alishuka taratibu, akavuka barabara. "Nani kawasha?"

Mama Edita alijifanya anatazama mizani. Nilijua nikisema, huenda jioni ile sina kazi, na wadogo zangu hawana chakula. Lakini mficha uchi hazai.

"Shikamoo, kaka. Ni mimi. Sikuchomoa fyuzi."

"Marahaba," alijibu, kisha akakaa juu ya gunia kana kwamba ile marahaba imemmaliza nguvu. "Zilete."

Nilimpa zote tatu. Akazitia katika mfuko wa shati, akafunga kifungo. "Sasa washa, ukoboe. Mvua hiyo." Akarudi nguzoni, nami asubuhi nzima nilikoboa macho yakiwa kwenye mfuko ule. Jioni Mama Edita alinipimia chenga kama kawaida. "Siku nyingine ukiambiwa washa," alisema bila kunitazama, "nioneshe mfuko kwanza."

Leo mashine ile naiendesha mimi. Festo ana familia yake, na Oliva ndiye anayepima mizani. Umeme haukatiki kama zamani, na tumefungiwa swichi mpya isiyoruhusu jenereta na laini kukutana. Ni chombo kizuri. Kingekuwapo wakati ule, nisingekuwa na kisa hiki. Hata hivyo magauni yangu yote yana mifuko. Juzi umeme ulipokatika, Oliva aliniona nikienda ukutani zilipo fyuzi, akacheka. "Dada, swichi inajua kazi yake." Nikamwambia ni kweli. Nikachomoa zote tatu, nikazitia mfukoni, kisha nikatoka barabarani kutazama nguzo kabla ya kushika hendeli.