Mpira Uliopanda Siku ya Posa

Mkiniona nakataa kushika hata fimbo ya kufukuzia mbuzi msidhani ni uvivu, ni aibu tu, na kwa kuwa leo mmenibana nitaitoa yote, ila chekeni polepole maana mke wangu yuko hapo jikoni na mkasa huu anaujua kuliko mimi.

Miaka ya sabini ikielekea kwisha nilikuwa karani wa mifugo hapa Isiolo. Mkubwa wetu, Bwana Kirimi, Mmeru wa kaunda suti na ugonjwa wa gofu (gofu, Isiolo! nyasi zenyewe mbuzi wanazitafuta hawazioni), aliamua mimi ndiye nitakuwa mwenzake wa kucheza, nami nikakubali kwa tamaa ya cheo. Shida yangu ilikuwa moja, ile shuti fupi ya kuurusha mpira juu ili utue taratibu karibu na shimo. Kila nikipiga, mpira unatambaa chini. Kila jioni alinifokea, "Guyo, wacha kuchota kama uji! Egemea mguu ya mbele, legeza mkono, piga chini, mpira itapanda yenyewe." Miezi miwili nilichota uji. Mwishowe akaniazima fimbo yake mwenyewe, ile yenye uso uliolala, na mpira mmoja nikajifunzie nyumbani.

Sasa, Jumamosi moja wazee wangu walikwenda kwa Mzee Halake, mfanyabiashara wa ng'ombe pale Chechelesi, kuniposea binti yake Talaso. Nilimpenda Talaso, nisiwafiche, nilimpenda hadi nikawa naandika jina lake pembeni ya ripoti za chanjo. Kwetu mposaji haonekani siku hiyo. Wazee wanakwenda na buna, kahawa ya punje nzima inayokaangwa kwa samli, ikiliwa ujue mambo yameiva, na wewe kazi yako ni kukaa mbali na adabu zako. Mjomba wangu, aliyeongoza wazee, aliniambia kabisa, "Kaa nyumbani. Hata kikohozi chako isisikike."

Ningemsikia, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini moyo ulikataa kutulia, nikasema (hapa ndipo shetani alipopata nafasi) acha niende kile kiwanja kitupu nyuma ya boma lao, nisimame penye mgunga nipige mpira wangu huku nikisikiliza kama wazee wanacheka au wamenuna. Nikaweka karai kuukuu hatua ishirini mbele yangu, na nyuma ya karai kuna ua wa miiba, na nyuma ya ua kuna wakwe. Sikuona hatari yoyote, kwani mpira wangu ulikuwa haujawahi kupita goti.

Nilipiga mara nne, tano, ukatambaa. Mara harufu ya kahawa kwenye samli ikanifikia, nikasikia mzee anaanza dua, nikamwaza Talaso amekaa ndani anasikiliza, mikono ikalegea, uzito ukaenda mguu wa mbele wenyewe, nikapiga bila kufikiri. Jamani, ulipanda! Ulipita juu ya karai, ukapita juu ya ua, nami mjinga badala ya kulia nikainua fimbo nikishangilia. Kisha nikasikia chubwi, kitu kimetumbukia chungu cha buna, na kelele.

Nilikimbilia ndani nikiogopa nimemuunguza mtu. Namshukuru Mungu hakuna aliyeungua, lakini samli ilikuwa imerukia kikoi kipya cha Mzee Halake, viganja vya wazee bado viko wazi kwa dua, mjomba amejifunika uso kwa kilemba, na mimi nimesimama langoni na chuma mkononi kama mwizi. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee Halake akaingiza upawa chunguni, akautoa mpira unang'aa kwa samli.

"Hii mayai ni ya ndege gani?"

"Si yai, mzee. Ni mpira."

"Ulikuwa unalenga mimi?"

"Hapana, mzee! Nililenga karai."

"Karai iko wapi?"

Nikaonyesha kule ng'ambo ya ua. Akautazama ua, akanitazama mimi. "Sasa mtu analenga kule anapata hapa, nikimpa msichana yangu, si atampeleka Moyale akitafuta Wabera hapa mjini?"

Ndani ya nyumba Talaso akaangua kicheko, na hicho ndicho kilichoniokoa, maana wazee nao wakashindwa kujizuia. Mzee Halake peke yake hakucheka. Alisema turudi Jumamosi nyingine na buna mpya. "Na hiyo chuma iache hapa. Mimi siozeshi mtu ako na silaha."

Jumatatu nilisimama mbele ya mkubwa nikamweleza fimbo yake imekwenda na posa. Akaweka kalamu chini.

"Lakini mpira ilipanda?"

"Ilipanda, bwana."

"Na ilipotua, ikabingirika?"

"Hapana bwana. Ilikaa hapo hapo."

Akatikisa kichwa kwa huzuni, akanifukuza ofisini.

Cheo alipewa mwingine. Talaso nilimpata, na gofu niliapa sitaishika tena. Kiapo hicho kiliniuma siku moja tu, pale soko la mifugo, nilipomkuta mkwe wangu akiswaga ng'ombe kwa ile fimbo ya mkubwa. Alikutana na kibonge kikavu cha mavi ya ngamia, akaegemea mguu wa mbele, akalegeza mkono, akapiga chini, kikapanda juu vizuri kabisa kikatua taratibu, na mzee akaendelea na safari yake.