Jina Walilonipa Nikiwa Hai

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu: siku niliyorudi shuleni nikakuta wenzangu wamekwisha kuniombea roho yangu ilale salama. Kaa karibu, usiwe na haraka. Mimi nikikatizwa huanza upya, na habari hii sipendi kuianza mara mbili.

Nilikuwa msichana wa miaka tisa hivi. Baba yangu alikuwa mvuvi na mchuuzi wa ziwani, na likizo moja alinichukua kwenda Moba kumsalimia bibi. Wakati wa kurudi Kalemie upepo ulitushika katikati ya maji. Injini ya boti ikazimika, mawimbi yakatusukuma mpaka ng'ambo, upande wa Tanzania, kwenye kijiji ambacho hata jina lake sikulishika. Watu wa huko walitupokea vizuri. Baba akashikwa na homa kali, tukakaa mpaka mwezi ukaisha na mwingine ukaanza. Simu za mkononi hazikuwepo, na usinitazame hivyo, tuliishi tu.

Huku nyumbani, mbao za boti fulani ziliokotwa ufukoni, watu wakasema ni yetu. Mama akakaa matanga. Padri akasoma misa, akatutaja kwa majina, marehemu baba yangu na marehemu Feza, na darasa langu zima lilikuwa kanisani, limepangwa mstari. Matanga yalipoisha nguo zangu ziligawiwa, kama ilivyo desturi. Halafu siku moja tukatokea, baba na mimi, tunapanda kwa miguu kutoka bandarini. Mama alipotuona hakukimbia kutupokea. Alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

Wakubwa walilia, wakacheka, wakamshukuru Mungu, na kwao mambo yakaisha. Kwa watoto hayakuisha. Nilipoingia darasani asubuhi ya kwanza, mvulana mmoja aitwaye Kisimba, fundi wa kuchekesha watu, aligeukia mlango akasema kwa utulivu kabisa:

"Nani amefungua mulango? Miye sioni muntu."

Darasa likaangua kicheko. Hata mwalimu akatabasamu, maana Kisimba alijua kuchekesha kweli. Tangu hapo jina langu likawa Marehemu.

Mchezo wao ulikuwa na sheria, na walizishika kuliko walivyoshika somo la Kifaransa. Nikisema neno, mmoja anauliza kama kuna upepo. Nikikaa, jirani yangu anasogea mpaka ukingoni mwa benchi. Mwalimu akiita jina langu nami nikaitika, wanafanya ishara ya msalaba, wote, polepole, bila kucheka. Hapo ndipo waliponitisha. Vicheko nilivizoea upesi, lakini zile nyuso tulivu sikuzizoea kamwe.

Na mbele yangu alikaa msichana aliyepewa gauni langu la buluu kwenye matanga. Hakuwa na kosa, maskini, na gauni lilimpendeza. Lakini kutwa nzima nilitazama mgongo ule, na kola ile, na kifungo nilichokuwa nikikitafuna nikiwa na mawazo, mpaka nikajiona mwenyewe nimekaa pale mbele, naandika. Ikanijia fikra kwamba yule ndiye Feza aliyerudi, na mimi ndiye niliyebaki majini.

Unacheka? Cheka tu. Mimi wakati ule nilianza kujipima. Nikitembea ufukoni nageuka kuangalia kama nyayo zangu zinabaki. Shuleni niliacha kusema, kwa kuhofia kwamba siku moja nitafungua mdomo na kweli asipatikane wa kunisikia. Nyumbani nikamwuliza mama, "Mama, miye niko muzima?" Alinishika mkono, akaubonyeza hapa na pale kama anayechagua embe sokoni, akauachia. Kumbe naye alikuwa na tabia ya kunigusa kila nilipopita karibu yake, na mpaka leo sijui kama alikuwa na hakika.

Mwaka ukaisha, nikahamishwa shule, nikakua. Nikaolewa, nikazaa, nikamzika mume. Kisimba alikwenda Kabalo kufanya kazi ya reli, na sura yake ikanitoka. Jina alilonipa halikunitoka. Nikimwita mtu asiitike, napata baridi shingoni. Kwenye misa za wafu, padri akisoma majina, mimi husubiri langu. Nikibisha hodi kwa watu husema kwanza "Ni mimi Feza, nimekuja", nanyi hunitania kwamba bibi anajitangaza kama redio. Sasa mnajua sababu.

Mwaka huu, wakati wa kiangazi, nilikuwa napita na beseni langu la samaki kwenye barabara ambayo siizoei. Ilikuwa mchana kweupe, jua limesimama, hakuna mtu wala kuku njiani. Kutoka nyuma ya ua wa matete sauti ya mwanamume ikasema, "Marehemu."

Miguu yangu ilisimama yenyewe. Tangu utoto hakuna aliyewahi kuniita hivyo, na wengi waliolijua jina hilo tulishawazika. Sauti ikaita tena, bila haraka, kama ya mtu anayemwita aliye karibu naye. Nilitaka kukimbia, ila goti hili unalijua.

Mwanamke mmoja akatoka langoni, akanikuta nimeganda.

"Usiogope, Mama. Ile sauti njo ya papa yangu. Anaita vile kutwa nzima."

Jina lake Bahati. Akanieleza kwamba baba yake, mzee Kisimba, wamemrudisha kutoka Kabalo kwa sababu akili imemwacha. Amesahau majina ya watoto wake wote, naye Bahati akiwemo. Limebaki jina moja tu.

"Anasema kuko mutoto wa shule mwenye alikufa mu maji. Anasema amesimama hapa mu lupango, ndani ya ua wetu, anamungojea. Sasa hataki kula, ati akikula tu ule mutoto atamukamata. Tumemupeleka kwa munganga, hakuna kitu. Anakwisha, Mama. Anakwisha hivi tunaona."

Sitakuficha, mwanangu: nilifurahi. Nilisimama pale barabarani na furaha mbaya ikanipanda kifuani. Nikafikiri niende zangu, nimwachie mtoto wake wa majini, waangaliane wawili hao mpaka mwisho. Lakini Bahati alikuwa na macho ya mtu asiyelala, na yeye hakunikosea. Nikatua beseni nikaingia.

Kisimba alikuwa kwenye kiti cha kamba, mifupa mitupu. Sahani ya bukari, ugali wetu wa huku, na samaki wadogo wa ndagala ilikuwa karibu na mguu wake, imefunikwa. Aliponiona hakushtuka hata kidogo.

"Umekuya," akasema.

"Kisimba, miye ni Feza. Sikukufa. Angalia, nimezeeka sawa na weye." Nikamshikisha mkono wangu ili asikie joto la damu.

Aliushika muda mrefu. "Iko baridi," akasema, akauachia.

Nikamweleza habari za ng'ambo, na homa ya baba, na watoto niliowazaa na majina yao. Alinisikiliza kwa adabu, kama mgeni anayepewa hadithi asizoziamini. Kila kitu nilichomwambia kilikuwa kweli na hakuna kilichoingia. Kwake nilikuwa nimekufa tangu darasani, na hakuna mtu duniani aliyeweza kumtoa hapo, hata mimi mwenyewe. Bahati alisimama na sahani mkononi, ananitazama. Nikaelewa kwamba kama nataka mzee huyu ale, lazima niitikie lile neno nililoapa sitaliitikia maisha yangu yote.

"Kisimba," nikasema, "njo miye, Marehemu."

"Umekuya kunikamata?"

"Hapana. Nimekuya kukuambia ukule. Sina neno na weye."

"Tulikucheka sana."

"Mulinicheka. Nimekusamehe. Kula sasa, bukari inapoa."

Akafungua mdomo. Bahati alimlisha tonge baada ya tonge mpaka sahani ikaisha, na mimi nilikaa pale nalia bila sauti. Usidhani nilikuwa nalia kwa raha. Aliyezungumza na Kisimba, akaambiwa lile "Tulikucheka sana", maneno niliyoyangoja tangu utoto, ni yule mtoto wa majini. Feza huyu mwenye meno machache bado anangoja.

Siku hizi napita kwao mara kwa mara, maana akiniona anakula. Ananiita, naitika. Wajukuu zake wanaocheza pale langoni wamezoea kusikia, na juma lililopita walinisalimia kwa heshima zote, mikono imekunjwa: "Jambo, koko Marehemu." Koko ni bibi, na hilo la pili wanadhani ndilo jina la bibi huyu wa samaki. Nikawaitikia nao, kwani ningewaambia nini?

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu, nikiwa bado na sauti ya kukuambia. Wenzako wakimtungia mtoto jina, usilitie mdomoni mwako, na hasa likiwa linachekesha. Yeye atalibeba, nawe utalibeba, na huenda siku utakapokuwa umemsahau hata mama aliyekuzaa likawa ndilo lililobaki kichwani mwako. Mwite kwa jina alilopewa na wazazi wake, mbele ya watu, kwa sauti ya kusikika. Kama umetungiwa wewe, usinyamaze kama nilivyonyamaza. Njoo uniambie siku hiyohiyo, twende wote kwa mwalimu, na goti langu tutalikokota. Na kama yupo uliyekwisha kumcheka, kamwombe msamaha sasa, wakati bado ukimtazama unamwona yeye.

Mungu akubariki. Akuvushe ziwa salama kila utakapolivuka, akupe miaka mingi na akili timamu mpaka mwisho wake, akuzungushie watu wanaokupenda. Na siku watakapokuita marehemu, mwanangu, uwe kweli umekufa.