Mwenye nyumba wangu ni mtani wangu: nilivyoupata mlango wa choo msibani Mikindani

Wakuu, salaam kwenu nyote, wenye nyumba na sisi wapangaji.

Kisa hiki ni changu mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Nimebadilisha majina tu, maana mke wangu naye yumo humu jukwaani, na ameshaniambia nikimuaibisha mama yake nitafute pa kula.

Mimi ni Myao wa Tunduru, nauza spea za pikipiki hapa Mtwara mjini. Mke wangu Somoe ni Mmakonde wa Nanyamba. Tulipooana tukatafuta chumba na sebule, dalali akatupeleka Rahaleo kwenye nyumba ya Mzee Nassoro. Huyu mzee ni Mmakonde pia, yeye mwenyewe anakaa kwao Mikindani, nje kidogo ya mji, pale Rahaleo amepangisha tu.

Kwa wasiojua ya kusini: Myao na Mmakonde ni watani. Ananisema, namsema, tunacheka, na atakayenuna ndiye mshamba.

Basi siku ya kwanza mzee akaniuliza kabila. Nikamwambia Myao. Akashika kichwa kwa mikono miwili, "Jamani nyumba yangu imekwisha!"

Nikamjibu, "Nyumba ya Mmakonde imeanza lini mpaka iishe?"

Aisee tulicheka mpaka dalali akaanza kuangalia saa. Kodi nikatoa, funguo nikapewa. Contract? Contract ya nini na mtani wangu? Nilikagua dari, nikawasha na kuzima taa zote kama mtu mwenye akili. Choo cha nje, ambacho tunachangia wapangaji wote, nikakiangalia kwa mbali. Nikaona kina mlango, nikaridhika.

Wakuu, mlango ule mchwa walishaumaliza zamani. Kilichobaki kimesimama ni rangi.

Hatujamaliza hata wiki, Somoe akauvuta, ukamjia wote mkononi. Nikampigia mzee.

"Mzee shikamoo. Mlango wa choo umeanguka."

"Marahaba. Umemwangukia Myao?"

"Hapana, hakuna aliyeumia."

"Basi hiyo hasara yote ni yangu!" Akakata simu, na namsikia anavyocheka.

Na mimi nilicheka. Ndiyo shida ya utani, jamaa anakuonea huku mbavu zinakuuma.

Tukatundika khanga. Sasa upepo wa huku mnaujua, khanga haitulii hata dakika. Ikabidi wapangaji tutengeneze system. Jirani yangu Mama Shadya akiwa ndani anaimba kaswida. Fundi cherehani wa chumba cha mwisho anapiga mluzi. Mimi sauti sina, mluzi siujui, nikachagua kukohoa. Nilikohoa mpaka Mama Shadya akamwita Somoe pembeni, akamshauri kwa upole anipeleke nikapime kifua.

Najua kuna mtu anaandika saa hizi "si ungenunua tu mlango". Tulia mkuu. Niliwaambia wenzangu ninunue, tukate kwenye kodi. Fundi cherehani akasema, "Nunua. Bati likitoboka utanunua wewe pia, na shimo likijaa tutakuita wewe." Nikampigia mzee kuomba ruhusa, akasema Myao akiweka mlango leo, kesho atadai ukuta. Akacheka. Nikaacha.

Kila nikimkumbusha, jibu lake ni moja: "Ngoja korosho." Haya, msimu wa korosho ukafika, watu wakauza. Siku moja namuona mzee anaingia dukani kwangu na pikipiki mpya, anataka kioo cha pembeni. Nikamwambia mzee wangu, hapahapa mimi nadai mlango. Akajibu, "Nifungie kioo kwanza, nikuone vizuri ukidai."

Duka zima likacheka. Nikamfungia kioo.

Nikaamua kuwa serious. Nikasoma sheria kwenye simu, nikakuta Sheria ya Ardhi inamtaka mwenye nyumba atunze paa, kuta za nje na sehemu ambazo wapangaji wanachangia. Choo chetu hicho hapo! Nikampigia, nikaanza kwa sauti ya ofisini, "Mzee Nassoro, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi..."

Akaniambia, "Subiri subiri," akaweka loud speaker. Kumbe yuko kwenye kahawa na wazee wenzake. "Haya mtani, rudia hapo kwenye mujibu."

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Naye Mmakonde. Akanisikiliza vizuri mpaka mwisho, akauliza, "Wewe Myao, yule Mmakonde, mimi hapo niandike kesi gani?" Akaniagizia chai. Nimekunywa chai nzuri sana ofisini pale, mlango sikupata.

Hapo bado lilikuwa jambo la kucheka.

Halafu Somoe akawa mjamzito, mimba ya kwanza. Mwezi wa mwisho kliniki wakatuambia presha yake inapanda panda, asikae mbali na hospitali kabisa. Mama yake akafunga safari kutoka Nanyamba kuja kumuuguza.

Nyie mnajua mkwe ni nini kwetu. Mimi mama mkwe simtazami usoni, nikimuona njia ile napita hii. Tunaongea kupitia Somoe hata tukiwa tumekaa ukumbi mmoja.

Siku aliyofika mimi nilikuwa chooni. Sina habari kama ameingia. Upepo ukaanza kuchezea khanga, nikasikia hatua uani, nikakohoa. Hatua zikasimama. Nikakohoa kwa nguvu zaidi. Hatua zikaondoka. Nikasema Alhamdulillah, system inafanya kazi.

Kumbe mama wa watu ameingia jikoni kwa Mama Shadya, ameomba maji ya moto, ametia tangawizi. Anasikia kuna mgonjwa nyuma ya pazia anateseka na kifua. Kwa akili yake nyumba ya mjini choo lazima kiwe na mlango, kwa hiyo palipo na khanga ni chumba cha mtu.

Akafunua khanga na kikombe mkononi.

Wakuu, naomba hapo tusiingie ndani zaidi. Kikombe kilivunjika. Mimi nilimwita Mwenyezi Mungu, yeye akamwita mama yake ambaye alishafariki. Mama Shadya akakatiza kaswida aliyokuwa anaimba jikoni.

Nilitoka pale baadaye sana. Mama mkwe alikuwa amejifunika khanga gubigubi chumbani kwa Mama Shadya, kageukia ukutani. Somoe akaja na ujumbe, macho mekundu.

"Mama anasema hapa halali mara mbili. Anasema na mimi sikai, tunaondoka wote Nanyamba nikajifungulie huko."

"Na presha yako?"

"Nimemwambia. Anasema kama mumeo ameshindwa kuweka mlango, hiyo hospitali atakufikisha vipi?"

Nililia, wakuu. Sioni haya kusema. Aibu ningeizoea, ila nilimuona kichwani mke wangu yuko njiani na presha imepanda, mimi niko Mtwara nauza plagi. Na nilishindwa kumjibu mama wa watu, maana alichosema kilikuwa na mantiki.

Nikampigia mzee. Nikamwambia, "Mzee, leo sitanii. Nakuomba kama mwanao." Nikamueleza yote mpaka kikombe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikajua imeingia. Halafu nikasikia anavuta pumzi, "Hii ndiyo kali kuliko zote!" Alicheka mpaka akapaliwa.

Nilimchukia siku ile. Nilimchukia kweli.

Asubuhi yake ikaja taarifa kutoka Mikindani, shangazi yake Mzee Nassoro amefariki. Bibi kizee aliyeshiba siku, mwenye vitukuu. Wapangaji wote tukaenda kuzika. Mama mkwe naye akaahirisha safari, akasema hawezi kupita mjini na kuacha msiba wa Mmakonde mwenzake. Wangeondoka na Somoe baada ya mazishi.

Sasa msibani kwetu mtani ana kazi yake. Wafiwa wanalia, mtani anawatibua. Anamuigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anazuia chakula kisipite, anakamata kitu cha wafiwa na hakirudishi mpaka apewe anachotaka. Na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Kwa kawaida unapewa hela kidogo au kuku, mambo yanaisha.

Tulipotoka makaburini, nikaomba choo. Nikaonyeshwa choo cha Mzee Nassoro.

Wakuu, ule mlango! Mninga mtupu. Umepigwa vanishi. Una komeo la chuma, ukilisukuma linaingia lenyewe taratibu. Nililifunga. Nikalifungua. Nikalifunga tena. Nilikaa mle bila haja yoyote, nasukuma komeo tu, mpaka hasira zikanipanda.

Nikatoka, nikawatafuta Wayao wenzangu. Tulikuwa wachache, tukiongozwa na bibi mmoja aliyekuwa ameshavaa viatu vya marehemu na anawadai wafiwa posa. Nikamnong'oneza. Akanitazama, akasema, "Bisibisi unayo?"

Muuza spea unamuuliza bisibisi!

Tuliung'oa mlango ule na bawaba zake, tukaubeba juu juu huku tunaimba, tukaulaza katikati ya uwanja mbele ya watu wote. Nikaukalia. Bibi yule akakaa pembeni yangu kama bibi harusi.

Watu wakaangua kicheko. Mzee Nassoro naye akacheka, akatia mkono mfukoni. "Haya mtani, umeniweza. Chukua hii, rudisha mlango, watu wengi hapa."

"Sitaki hela."

"Kuku?"

"Sitaki kuku. Nataka mlango wa choo Rahaleo."

Akaanza kucheka tena, lakini dada yake mkubwa, Bi Asumini, ndiye aliyekuwa msemaji wa familia siku ile. Akanyanyua mkono. "Mlango gani huo, mtani? Sema tukusikie."

Nikasema. Tangu mchwa mpaka kwenye korosho na kioo cha pikipiki. Nilipofika kwenye khanga na mkwe nikakwama. Watu wakaanza kunong'ona, Myao anatunga huyo.

Upande wa wanawake mtu akasimama. Amejitanda mpaka machoni, ananyoosha kidole chini.

"Ni kweli. Mkwe mwenyewe ni mimi."

Somoe aliyekuwa pembeni yake akainamisha kichwa.

Bi Asumini akamgeukia mdogo wake. "Nassoro. Mama wa watu amekuja kuuguza mwanawe, amevunjiwa heshima ndani ya nyumba yako. Na wewe ulipoambiwa ukacheka?"

Mzee akasema, "Dada, mimi nilijua ananitania."

"Mlango haurudi. Mtani ameshaukalia."

"Sasa dada, na hapa je? Na watu wote hawa?"

"Tundika khanga," Bi Asumini akasema. "Watakohoa."

Jamani, msiba ule ulicheka. Hata waliokuwa wanalia ndani ya nyumba walicheka.

Mlango uliondoka Mikindani kwa bajaji, nusu ndani nusu nje, mimi nimeushikilia kama ndugu. Ulikuwa mpana kuliko fremu yetu, seremala akaupiga randa, jioni ile ile ukafungwa.

Mama mkwe akawa wa kwanza kuingia. Tukasikia komeo, kwa! Akakaa humo muda. Akatoka, akampita Somoe, akasema bila kugeuka, "Mwambie mumeo chai ipo mezani." Habari ya Nanyamba hakuitaja tena.

Somoe alishikwa na uchungu siku chache baadaye, presha ikapanda vibaya. Tulifika hospitali haraka kwa sababu ni pale pale mjini. Daktari alipotoka alituambia tumewahi. Tumepata binti. Neno hilo la "mmewahi" sijalisahau mpaka leo.

Mzee Nassoro alikuja kumuona mtoto. Nikajiandaa kwa utani, hakutania. Akakaa, akavua kofia.

"Mwanangu, msiba ule wageni walikaa wengi. Siku moja niko mle chooni na khanga yangu, nakohoa, anapita mke wa mwanangu wa kumzaa..." Akatikisa kichwa, hakumalizia. "Wewe ulikuwa unalia kwenye simu, mimi nacheka. Nisamehe."

Nikamsamehe. Akatoa kalamu mwenyewe. "Lete hiyo contract yako tuandike. Matengenezo ni yangu, na ukinipigia kuhusu nyumba, anza kwa kusema hapa si utani."

Tukaandika hivyo hivyo, na mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri bila hata kutabasamu.

Nilichojifunza: taniana na mwenye nyumba utakavyo, ila baada ya kuandikishana. Ingia chooni kwa miguu yako, usukume mlango kabla hujatoa hata senti. Na sheria inakulinda hata kama mwenye nyumba ni rafiki, ndugu au mtani. Mimi sikufika Baraza la Kata, ila nilikuwa na haki ya kwenda, na ningekuwa na maandishi ningekwenda mapema badala ya kunywa chai za watu.

Karibuni wadau, mliowahi kupanga kwa watani wenu semeni mlivyotoka.

Na wanasheria wa humu naombeni msaada wa kweli. Tunajenga kidogo kidogo, iko siku tutahama. Ule mlango nilipewa mimi mbele ya watu, ila umefungwa kwenye nyumba ya mzee. Kisheria ni wa nani? Mama mkwe ameshatangaza kwamba yeye nyumba mpya haji kama mlango ule haupo.