Mzee Fikirini Hana Mtani

Mtaa wetu hauna shida, niwaambie ukweli. Hapa Masasi ipo mitaa ambayo watu wanajifungia milango mchana kweupe, lakini siyo huu. Huku ukiishiwa chumvi unapiga hodi nyumba yoyote. Msikiti uko karibu, kanisa karibu, sokoni unakwenda na kurudi maji hayajachemka jikoni, na zahanati iko nyuma ya kwa Bernard fundi baiskeli. Mwenye miguu yake hana haja ya bodaboda. Kwa hiyo mwalimu Ziada alipomleta baba yake kutoka Chilangala, kule juu Newala, baada ya mama yake kufariki, sote tulisema mzee amefika.

Mzee Fikirini ni mrefu, mkavu, na kofia yake imefuliwa mpaka maua yake hayaonekani. Maisha yake yote amelima korosho. Ziada anafundisha Lulindi, anaondoka alfajiri na kurudi jua limezama, basi mchana mzee alikuwa wetu. Tukampokea, tena kwa bidii. Mimi ndiye Mama Gift, nauza chai na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, pale kona, na hakuna anayepita mtaani asipite mbele ya macho yangu. Nilikuwa namwona akienda msikitini. Shikamoo mzee, marahaba. Shikamoo babu, marahaba. Mpaka afike mlangoni koo limemkauka kwa marahaba. Huyu anampelekea sahani ya mbaazi, yule anamfulia kanzu, Bernard akampa kiti chake kizuri akalie kivulini.

Na bado alikuwa mpweke, upweke wa kutia huruma. Anakaa kwenye benchi langu asubuhi nzima, chai inapoa mkononi, anatazama barabara kama anasubiri mtu. Nikadhani anamlilia mkewe. Siku moja nikaona nimuulize, maana mimi si mtu wa kukaa na jambo tumboni. Akanijibu kuwa mtaa huu una watu wema mno, tatizo hakuna hata mmoja anayemtukana.

Jamani, nilitaka kucheka. Lakini yeye hakuwa anafanya mzaha. Akanieleza habari za Salmini, mtani wake wa Chilangala. Ukoo wa Salmini na ukoo wao wametaniana tangu kwa mababu. Salmini alikuwa anaingia uani kwake, anakamata kuku, anaondoka naye, na Mzee Fikirini hana la kusema kwa sababu hiyo ni haki ya mtani. Wakikutana njiani ni matusi, mwizi wee, mlafi wee, mpaka wageni wanataka kuwaamulia. Na siku mkewe alipofariki, Salmini ndiye aliyesimama mbele ya waombolezaji akaiga marehemu alivyokuwa akitembea, akibinua mkono kiunoni, kisha akalala mlangoni maiti isitoke mpaka apewe kuku wake. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mzee Fikirini aliniambia kwamba hapo ndipo na yeye alipoweza kulia. Kabla ya hapo kifua kilikuwa kimemkaza, hakuna kilichotoka.

"Mimi nikifa hapa, Mama Gift, mtanizika kwa heshima tu," akasema. "Kimya kimya. Kama mnamzika mtu msiyemjua."

Utani wa maneno ya barabarani tunao, Mmakonde kwa Mmakua, Mmakua kwa Myao, na tungeweza kumrushia na yeye, lakini nani athubutu kumrushia mzee mgeni, mjane, mwenye umri wa baba yako? Na utani wa msibani ni wa ukoo kwa ukoo. Haununuliwi dukani.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemchokoza, naye ni Ashiru, mume wa Maryam, muuza nyavu na kamba pale sokoni. Ashiru alikuwa hana adabu tangu nimjue, Mungu amrehemu. Unajua watu wa kule juu walivyosumbuka na maji zamani, mtu anateremka bondeni na ndoo na kupanda nayo mlima wote ule. Basi kila asubuhi Mzee Fikirini akipita mlangoni kwa Ashiru, anaulizwa, "Wewe mtu wa mlimani, umeoga leo?" Mzee anajibu kwamba bado, maji yako mbali. Wanacheka wote wawili, kila mtu anashika njia yake. Ni hayo tu, hayakuzidi hapo. Lakini mzee alianza kutoka nyumbani mapema, na njia ya kupita kwa Ashiru si ya mkato hata kidogo.

Kisha Ashiru akaanguka sokoni kwa presha, na kesho yake tukawa tumekaa kwenye mikeka uani kwa Maryam.

Maiti ilishaoshwa, jeneza liko tayari, wanaume wanainama walibebe. Namwona Mzee Fikirini anapita katikati ya watu, anavua viatu, anakaa chini mlangoni na kunyoosha miguu yake mirefu mpaka mwimo wa pili wa mlango.

"Huyu hatoki," akasema kwa sauti. "Kila siku ananitangaza mtaani kuwa mimi siogi. Leo nani ameogeshwa na watu? Mleteni kuku wangu kwanza."

Nakwambia ukweli, kicheko kilinifika kooni nikakimeza. Maana yalikuwa maneno mazuri, Ashiru mwenyewe angeanguka kwa kucheka. Lakini hakuna aliyecheka. Watu walitazamana. Kaka yake Ashiru, mtu mpole, akachuchumaa mbele ya mzee akamuuliza ni mtani wao kwa ukoo gani. Mzee akautaja ukoo wake. Yule kaka akafikiri, akamtazama shangazi yao, shangazi akatikisa kichwa. Akamwambia taratibu kwamba hapana, hawataniani na ukoo huo.

Afadhali wangemfokea. Wangemwita mwendawazimu, wangemburuta, angalau. Walimshika kwapani kwa upole, wakamketisha kwenye kiti, wakamletea maji ya kunywa, na mtu akampangusia vumbi kanzu. Jeneza likapita mbele yake. Maji aliyopewa mzee yakamwagikia magotini.

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuulizia ukoo wa Ashiru mapema, ilhali kwetu sisi watu wa huku hilo ndilo swali la kwanza. Akasema alikuwa anaogopa jibu.

Toka siku hiyo mtaa ukazidisha wema, na mimi nilikasirika mpaka nikaunguza chai. Walishaamua kuwa mzee amechanganyikiwa. Bernard akawa anamsindikiza msikitini amemshika mkono, mtu ambaye miguu yake inampita Bernard mwenyewe. Wakawa wanamsemesha polepole kama mtoto. Ziada naye akamwomba asimwaibishe tena kwa watu. Mzee hakubishana na yeyote. Akaacha kutoka mapema, akawa anapita njia ya mkato, na mlango wa Maryam akauepuka kabisa.

Asubuhi moja akiwa kwenye benchi langu akampigia Salmini. Simu yake huwa anaiweka sauti ya nje, hajui kuizima, kwa hiyo nilisikia yote. Akamsimulia msiba ule tangu mwanzo. Salmini alicheka mpaka akakohoa, akamwita mwizi wa misiba ya watu, zee zima linaomba kuku asiye wake. Nilimwona Mzee Fikirini anatabasamu, mara ya kwanza tangu Ashiru afe. Akamuuliza atashuka lini Masasi kumtembelea.

"Miguu imekwisha, Fikirini. Hata chooni nashikwa," Salmini akasema, sasa bila utani wowote. "Ukifa huko, usinisubiri."

Mzee akasema sawa. Simu ikakatika, naye akabaki ameishika mkononi. Nikamwongezea chai, hakuinywa. Niliumia, nasema wazi, maana nilikuwa karibu yake kiasi cha kumgusa bega na sikuwa na chochote cha kumpa.

Ikapita miezi, Maryam akatoka eda. Siku hiyo aliamka akafagia mbele ya mlango wake, kisha akatoka akasimama barabarani, tena kwenye ile njia ya mkato, hapa karibu na benchi langu, ufagio bado mkononi. Mzee Fikirini akatokea na kofia yake. Alipomwona alisita, nusura ageuke. Akainamisha kichwa, akasubiri shikamoo kama anayotupiwa na kila mtu.

Maryam hakumwamkia. Alimtazama kuanzia miguuni mpaka kwenye kofia.

"Wewe mtu wa mlimani," akasema, na sauti ikamkatika, akaanza upya. "Umeoga leo?"

Hakuna aliyecheka. Maryam alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga, na mzee akainua kichwa kumtazama.

"Bado," akamjibu. "Maji yako mbali."

Alikuwa ameoga. Nywele za kisogoni zilikuwa bado mbichi, na pale nilipokaa nilikuwa naisikia harufu ya sabuni.