Dhahabu Iliyonukia Sebuleni

Mimi ni mtu wa maswali, na juzi maswali yaliniumbua. Shangazi yangu wa Mambrui alikuwa ameuza shamba ili anunue hisa za kampuni changa ya dhahabu. Nilimkuta wakala wao sebuleni.

“Dhahabu mmeipata au mnaitafuta?” nilimuuliza.

“Tunaitafuta. Dalili ni njema. Nimekuja na sampuli.”

“Na msipoipata, pesa za shangazi zitarudi?”

“Kila biashara ina hatari zake, kaka.”

Shangazi akaguna, nikajua ameanza kusita. Wakala alipotoka kwenda kuswali alasiri, na shangazi akaingia ndani, niliona kibonge cha manjano kwenye kisahani kando ya kiti chake. Dhahabu halisi haiungui, nikawaza, nikakitumbukiza kwenye makaa ya chetezo cha shangazi kilichokuwa karibu. Kikalainika, kikafuka moshi.

“Shangazi, njoo uione dhahabu yako.”

Akaja, akanusa. “Huo ni ubani wangu. Wewe unafukizwa nao tangu ukiwa mchanga, leo huujui?”

Kweli, nilijua harufu yake tu. Kuutia motoni nimewaachia wanawake maisha yangu yote.

Wakala akarudi, akatoa jiwe lake la sampuli mfukoni. Shangazi akalipokea kwa mikono miwili.

“Msamehe mwanangu kwa maswali yake,” akamwambia. “Haya, hizo hisa zinanunuliwaje?”