Kikuku cha Meneja

Masunga wa Malampaka alikuwa na maksai mweusi aliyeitwa Meneja. Jina hilo alipewa na Monika, mke wa Masunga, kwa kuwa ng'ombe yule alinenepa vizuri, alitembea kwa madaha, na kazi aliwaachia wenzake. Masunga alilipokea kama sifa. Mgeni akifika kwake alionyeshwa zizi kabla ya kuonyeshwa kiti.

Basi Winnie, mtafiti wa chuo kimoja, mzaliwa wa Binza kule Maswa, alipokuja kutafuta ng'ombe wa kujaribia kifaa chake, Masunga ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono. Ilikuwa siku ya kuogesha mifugo, watu wamejaa joshoni. Winnie akawasalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," wakaitikia, naye akatoa mkanda mweusi wa mpira, wa kufungwa mguuni.

"Ndani ya mpira huu kuna unga wa kauri," alisema. "Si kauri ya vikombe. Hii ukiibana inatoa umeme, kama kile kiberiti cha gesi cha kubonyeza kinavyotoa cheche. Ingekuwa kauri tupu, ng'ombe angeivunja siku hiyohiyo. Tumeichanganya na mpira ili ipinde. Kila hatua inatoa umeme kidogo sana, unatunzwa kwenye hiki kidude cha pembeni, na ukitosha unanirushia ujumbe kwenye simu, najua ng'ombe yuko wapi. Hakuna betri ya kubadilisha. Akipotea, tunamfuata."

"Kwa hiyo ng'ombe wetu watavaa vikuku kama mabinti," alisema Ngassa, shemeji yake Masunga, mtu asiyepitwa na utani. Watu wakaangua kicheko, na tangu hapo hakuna aliyekiita mkanda.

Winnie aliporudi kuwasomea matokeo, aliyeongoza kwa umeme alikuwa mtamba wa Ngassa, mnyama aliyekonda hadi mbavu zinaonekana, lakini hatulii. Wa mwisho kabisa alikuwa Meneja. Winnie alidhani kikuku kimeharibika. Akakikagua, akakikuta kizima.

"Kifaa hakina kosa," alisema Ngassa. "Meneja yuko likizo."

Masunga alicheka na wenzake, lakini nyumbani ugali haukushuka. Alimjua ng'ombe wake: akishiba hulala, na akilala si wa kuamshwa. Ila kuambiwa hivyo na shemeji mbele ya watu ni jambo jingine. Kesho yake alimtoa zizini mapema amtembeze. Meneja alipiga hatua chache, akamtazama bwana wake kwa huruma, akajilaza. Masunga akaangaza huku na huku. Halafu akachuchumaa, akakifungua kile kikuku, akakivaa mwenyewe na kushusha suruali juu yake.

Kuanzia hapo alitembea kama mtu anayeua siafu.

"Baba Lucy," Monika alimuuliza, akimwita kwa jina la binti yao wa kwanza, "mbona unakanyaga hivyo? Unajiandaa kwa mashindano ya ngoma?"

"Nachangamsha damu."

Na kweli alichangamka. Alikuwa akienda stesheni kutazama treni, ingawa hakuwa na safari wala mgeni wa kupokea. Dukani alipita njia ya mbali, na aliporudi alipita nyingine ya mbali zaidi. Moyoni alijisikia kijana.

Kisha Winnie akafika nyumbani kwake, akiongozwa na Ngassa. Monika akawatolea viti uani. Winnie alikuwa na furaha, lakini paji lake la uso limekunjamana.

"Baba, Meneja amewapita wote," alisema.

Masunga alimtazama Ngassa. "Nilisema mimi."

"Ila kuna mambo sielewi." Winnie akafungua ramani kwenye simu. "Jumapili asubuhi alikuwa kanisani, akatulia mpaka ibada ikaisha."

"Ni ng'ombe mpole," alisema Masunga.

"Jumanne alikuwa kwa kinyozi."

Masunga akakohoa. "Labda alipita kujikuna ukutani."

"Na Alhamisi alishinda kilabuni."

Monika aliyekuwa akimenya viazi akaweka kisu chini. "Alhamisi? Alhamisi si ndiyo ulikuwa kwenye mkutano wa mbegu za pamba, Baba Lucy?"

Hapo nyuma ya nyumba Meneja akalia. Wote wakageuka. Alikuwa amelala kivulini, miguu yote minne mitupu. Monika alisimama, akamwendea mumewe na kupandisha ule mguu wa suruali.

Ngassa alicheka hadi akaanguka kutoka kitini. Monika naye alijaribu kukaza uso, ukamshinda. Masunga hakucheka, kwa sababu alimwona Winnie akiitazama ramani yake iliyoharibika. Hapo ndipo aliona aibu ya kweli. Alikifungua kikuku, akakifuta jasho kwa shati lake na kumpa kwa mikono miwili.

"Nisamehe, binti yangu. Nimekuharibia kazi. Ng'ombe wangu ni mvivu."

Winnie alikigeuzageuza, akatabasamu. "Basi niachie huyo mvivu jinsi alivyo. Ng'ombe mtembezi hanipi shida. Shida yangu ni kujua umeme uliotunzwa utadumu vipi kwa anayelala. Nikifaulu kwa Meneja, nitafaulu kwa yeyote."

Adhabu ya Monika ilikuwa palizi ya pamba, shamba zima, na Masunga aliimaliza bila kunung'unika. Winnie alikikuza kidude cha kutunzia umeme, akaongeza kauri kwenye mpira, akajaribu tena na tena, mpaka Meneja akatuma ujumbe wake wa kwanza: yuko nyumbani. Masunga alitembea kijiji kizima kuwatangazia watu kwamba chuo sasa kinapima vifaa vyake kwa ng'ombe wake.

Kazi ilipopelekwa Lamadi, Winnie alimchukua awaeleze wafugaji wa huko. Masunga alieleza vizuri, pamoja na habari za kanisa na kinyozi. Alipomaliza, mama mmoja muuza dagaa, Mhoja, aliyesimama tu kusikiliza, akanyoosha mkono.

"Vipo vya saizi ya mwanamume?"

Wanawake wakashangilia. Masunga akamjibu kwa uzito wote kwamba vinawasha kidogo jasho likiingia, ila mtu anazoea.