Siku Mashangazi Walipotembea Nyuma ya Gari

Mkiniona napita Nyakiyumbu nimeshusha kofia mpaka kwenye nyusi, msidhani ni jua. Ni aibu. Watu wa kule wananijua kama yule binti aliyewaletea msiba usio na maiti, tena siku ya kumchukua mke wa kaka yangu, na yote hayo yalitokana na matairi, matairi manne mapya ambayo niliyachagua mwenyewe nikiwa na akili zangu timamu, baada ya kuyafikiria kuliko watu wengine wanavyofikiria ndoa.

Niwaambie kwanza mimi ni mtu wa namna gani. Naitwa Biira, naishi na wazazi wangu Kasese mjini, na mambo ya magari nimejifunza peke yangu kwenye simu, video moja baada ya nyingine, chai ikipoa pembeni. Sijui kufanya kitu nusunusu. Nikifunga mlango nausukuma kuhakikisha, nikifika barabarani narudi kuusukuma tena (majirani wamezoea). Baba ni askari mstaafu, ametulea kambini, na yeye kwa kabila akiwa Mkonzo na Mama Mteso, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya mezani. Alipostaafu alinunua gari la familia la haibridi, yale yanayotumia petroli na betri kwa pamoja, ambayo yakienda polepole kwa betri hayatoi sauti hata kidogo. Hilo la kutotoa sauti mlikumbuke, litarudi.

Sasa matairi yalikuwa yameisha, yamekuwa laini kama upara, na kaka yangu Baluku alikuwa anakaribia siku yake ya kwenda ukweni. Baba akanipa kazi. Akasema, "Nunua kama haya haya. Saizi ile ile. Umesikia?"

"Nimesikia, afande," nikasema. (Baba akitoa amri mimi humwita afande, ni mazoea ya utotoni.)

Nilisikia kweli. Shida ni kwamba niliposikia nikaanza kufikiri. Gari la haibridi linapenda matairi mepesi, yanayoteleza vizuri barabarani, ndiyo yanayolisaidia kunywa petroli kidogo, na hayo ndiyo yaliyokuwa yamefungwa. Lakini ukweni ni Nyakiyumbu, ukitoka lami pale Bwera unaingia barabara ya udongo yenye mawe kama viazi, na mimi nikaliona tumbo la gari letu likikwaruzwa mbele ya wakwe. Nililiona kabisa, nikiwa nimelala. Basi nikaamua jambo moja dogo: nitachukua yenye meno makubwa, na saizi ipande kidogo tu, gari linyanyuke. Mlangoni kwa dereva kuna kibandiko kinachosema saizi inayotakiwa. Nilikisoma. Nikajiambia kile ni ushauri.

Muuza matairi wa pale mjini alipomaliza kuyafunga alirudi nyuma, akaweka mikono kiunoni, akasema, "Sista, hii sasa ni simba." Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Msidhani sikuyajaribu. Niliyajaribu mpaka nikachoka. Nilienda Hima nikarudi, nikapanda njia ya Bugoye, nikafunga breki ghafla mahali pasipo na watu, nikapita kwenye maji, nikapunguza upepo, nikaongeza. Safi kabisa. Ila kila mara nilikuwa peke yangu ndani ya gari, kwa sababu siwezi kujaribu kitu watu wakiniongelesha. Mnaona mambo yanakoelekea.

Siku yenyewe, Baba na Baluku na wanaume walitangulia na gari la kukodi, na mbuzi wakatangulia kwenye pikapu. Mimi niliachiwa mzigo mkubwa kuliko yote: mashangazi wanne, wakiongozwa na Shangazi Kabugho. Kwenye ukoo wetu shangazi mkubwa ndiye anayemwombea kijana ruhusa ya kuingia nyumbani kwa mke. Asipofika, wanaume wetu wote wanabaki nje ya geti wamevaa suti kama wauza vitabu, na hakuna anayefunguliwa. Baba alinishika bega kabla ya kuondoka. "Wewe lete shangazi. Hiyo tu."

Shangazi Kabugho alikaa mbele. Watatu wakakaa nyuma, wote wamevaa gomesi, yale magauni marefu ya sherehe, wote wamekula vizuri maishani mwao, na kwenye buti tukaweka sukari, chumvi, sabuni na sufuria za zawadi. Kwenye lami tulienda kama malkia. Tukapita Kikorongo, tukaangalia tembo kwa mbali, mashangazi wakagawana karanga. Kisha pale Kinyamaseke tukapanda tuta la kwanza, na gari liliposhuka, kutoka nyuma ikatoka sauti ambayo sijaisahau: *grrriiiih*, kama nguruwe aliyekanyagwa mkia.

"Biira," Shangazi Kabugho akasema bila kugeuka. "Umekanyaga nini?"

"Hakuna kitu, Shangazi."

Tuta la pili, tena. Safari hii na harufu ya mpira unaoungua. Nikasimama, nikachungulia. Gari lilikuwa limekaa chini kwa uzito, na yale meno ya simba wangu yalikuwa yanasaga plastiki ya ndani ya madigadi, karibu inatoboka. Upande mmoja tairi lenyewe lilikuwa limeanza kuchunika. Likichunika zaidi linapasuka, na likipasuka shangazi hafiki, na shangazi asipofika kaka yangu haoi leo.

Mpaka Bwera tulikwenda kwa kuyabembeleza matuta. Lakini tulipoacha lami, kila jiwe lilikuwa tuta. *Grrriiih. Grrriiih.* Nikasimama tena, nikaeleza ukweli wote kwa sauti ndogo: kwamba matairi ni makubwa, kwamba likiwa tupu gari halina shida, kwamba shida ni... nikatafuta neno la heshima.

"Ni sisi," Shangazi Kabugho akanisaidia. "Sema tu, mtoto wangu. Sisi ni wazito."

"Tuite bodaboda, Shangazi?"

"Mimi niingie ukweni nimekaa juu ya pikipiki, gomesi imepanda mpaka hapa? Fungua mlango. Ni karibu. Tutatembea nyuma ya gari, tukikaribia tunaingia."

Wakashuka. Nikaendesha polepole, mwendo wa mtu anayetembea, gari likiwa kwenye betri, kimya kabisa. Kwa kuwa nilikuwa naenda polepole, na kwa kuwa mimi ni mtu wa usalama, niliwasha taa za mbele na indiketa zote mbili. Mashangazi wanne wakafuata wamejipanga, wameinamisha vichwa wakiangalia mawe, kwa sababu viatu vilikuwa vya sherehe na vilikuwa vinawabana. Na Shangazi Kabugho, ambaye hawezi kutembea bila kuimba, akaanza wimbo wa kanisani, ule wa taratibu, na wenzake wakaupokea.

Mimi ndani nilikuwa namwomba Mungu kuhusu tairi la nyuma kushoto. Sikuona kilichokuwa kinatokea mpaka nilipomwona mwanamume mmoja wa bodaboda anasimama kando, anazima pikipiki, anavua kofia na kuiweka kifuani.

Nikafikiri, watu wa huku wana adabu.

Halafu mwenye duka akafunga mlango nusu. Wanawake waliokuwa wanaanika kahawa wakasimama, mikono imeshikana mbele. Nilipotazama kwenye kioo cha ndani, mashangazi hawakuwa wanne tena. Nyuma yao kulikuwa na umati, na wimbo umekuwa na sauti ya tatu na ya nne, maana kwetu maiti ikipita kwako huachi ipite peke yake, unaacha kazi unaisindikiza kidogo. Mama mmoja wa kutoka upande wa mpakani, amejifunga kitenge cha kijani, alikuja mpaka dirishani kwangu, macho yana maji.

"Pole, binti. Mutu gani iko ndani?"

"Hakuna mtu, mama."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Unasema hivyo sababu ya uchungu," akasema, akarudi nyuma kuimba.

Nilitaka kusimama nieleze. Lakini kusimama ni kuongeza umati, na kule nyuma Shangazi Kabugho alikuwa amefurahi sana, alidhani watu wa Nyakiyumbu wanaupenda wimbo wake. Hivyo ndivyo tulivyopanda kile kilima na kutokea mbele ya geti la wakwe: gari tupu, taa zinawaka, kimya, na kijiji kizima nyuma yake kinaimba polepole.

Muziki wa ukweni ukazimwa. Wanaume wetu waligeuka. Baba alilitazama gari lake, akautazama umati, akavua kofia, akasimama wima kama gwaride. Kaka yangu alikaa chini kwenye majani na suti yake mpya. Nikashusha kioo.

Baba akaniona. Uso wake ulipita mahali ambapo sitaki kupaeleza. Akaja. "Biira. Ripoti."

"Ni matairi, afande."

"Nani amekufa?"

"Hakuna, afande. Ni saizi. Mashangazi wakikaa ndani, yanasaga."

Akainama, akasoma kile kibandiko cha mlangoni, akaenda nyuma, akasoma tairi. Aliporudi alivaa tu kofia yake, na mimi ningependa sana angenigombeza.

Mambo yangeishia kwenye kicheko kama si babu wa bibi harusi. Alitoka getini na fimbo yake, mzee mpole kabisa, akatupa pole, akauliza tumefiwa na nani, na alipoambiwa hatukufiwa, hakucheka. Alisema kwa upole kwamba nyimbo za maziko zimefika kwenye geti lake, watu wamevua kofia mbele ya geti lake, na yeye hawezi kumtoa mjukuu wake siku ya namna hiyo. Turudi nyumbani. Tutapanga siku nyingine. Nyuma yake tuliona masufuria yanatoa moshi, na nyuma ya pazia nikamwona bibi harusi mwenyewe ananitazama. Mimi. Moja kwa moja.

Hapo Shangazi Kabugho akafika mbele, anahema, viatu mkononi.

"Muzee," akasema, "wimbo ule naimba hata nikilima maharage. Mutu aliyekufa iko wapi?" Akafungua milango yote minne, akafungua na buti. "Tafuta."

Mzee akatafuta kweli. Aliinua sufuria, akaisogeza sukari, akachungulia chini ya kiti. Umati nao ukachungulia. Yule mama wa kitenge cha kijani akasema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Kumbe nimelia bure."

Mzee akafikiri, akiegemea fimbo. "Basi hamjafika," akasema. "Kilichofika ni kitu kingine, na kimeondoka. Rudini mpaka pale kona ya kanisa, mje tena kama watu wanaokuja kuoa. Wamama wakae ndani ya gari."

"Ndani?" nikauliza. Sikukusudia kuuliza kwa sauti.

"Unataka waje juu ya gari?"

Tukarudi kona ya kanisa. Nikawaambia mashangazi tairi la kushoto linaweza kupasuka. Shangazi Kabugho alivaa viatu vyake, akakaa mbele, akafunga mkanda. "Ipasuke sisi tukiwa tumekaa," akasema. "Twende."

Nikaondoa mguu kwenye breki na lile gari likaanza kulia. Halikusaga kidogo kidogo kama mwanzo, lililia njia yote, *grrriiih* ndefu isiyokata, na kwa kuwa betri haina sauti hapakuwa na injini ya kunifichia aibu, kila mtu alisikia. Mashavu yaliniungua. Kisha kando ya barabara yule mama wa kitenge cha kijani akaweka mkono mdomoni akapiga kigelegele, mwenzake akapokea, halafu mwingine, umati ule ule ulioniimbia maziko ukapiga vigelegele mpaka sauti ya tairi ikazama humo ndani, na moshi mwembamba ukitoka kwenye madigadi tukaingia getini tumekaa, wote watano, kama watu wanaokuja kuoa.

Baluku alipewa mke wake siku ile ile. Tairi lilipasuka kesho yake, uani kwetu, likiwa limesimama tu.

Sasa gari lina matairi ya saizi ya kibandiko, mepesi, yanayoteleza vizuri, kama Baba alivyosema tangu mwanzo. Yale matatu yaliyobaki Mama amepandia vitunguu. Mtu akiniomba ushauri wa matairi, kwa sababu bado wapo wanaoniomba, namwambia aje na watu wake wote, wazito na wepesi, wakae ndani, wafunge milango, tuzunguke mji, ndipo tuanze kuongea. Kujaribu kitu peke yangu nimeacha. Mlango bado nausukuma mara mbili, hilo Mungu atanisaidia polepole.

Na nikienda kumsalimia wifi yangu, pale kwenye kilima mama wa kitenge cha kijani hunisimamisha. Hasalimii kwanza. Huweka mikono pembeni ya macho, akachungulia viti vya nyuma, na akikuta kuna watu wamekaa na wanapumua, ndipo anasema, "Haya, pita."